Chang'aa Ilihalalishwa Mwaka 2010, Mbona Watu Bado Wanakufa?

Mwezi wa Februari mwaka 2024, katika kijiji cha Kangai, kaunti ya Kirinyaga nchini Kenya, watu walikunywa pombe jioni wakaenda kulala. Baada ya siku chache waliokufa walikuwa wamefika 17, na miongoni mwa walionusurika wapo waliopoteza macho. Kisha ikaja habari ya kutia uchungu zaidi. Waziri wa Usalama wa wakati huo, Kithure Kindiki, alieleza kwamba pombe ile ilikuwa kielelezo cha kesi. Polisi walikuwa wamekwisha kuikamata na kuifungia kituoni, na humo kituoni ndimo ilimoibwa ikarudishwa kwa wanywaji.

Nimeanza na Kangai kwa sababu kila maafa ya namna hii yanapotokea, tunagawanyika papo hapo. Upande mmoja unasema: piga marufuku, vunja mapipa, funga baa zote, kamata kila mama pima, yaani mama muuza chang'aa. Upande wa pili unasema: acheni unafiki, pombe hainyimiki, halalisheni ili serikali iione, iipime na iitoze kodi, na wahuni wakose biashara. Mimi kwa muda mrefu nimeuelekea upande huu wa pili, na bado nauelekea. Lakini kuna jambo ambalo wenzangu wa upande huu hawapendi kulijibu. Kenya imekwisha kuihalalisha chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Ilifanya hivyo mwaka 2010. Watu wa Kangai walikufa miaka 13 baadaye.

Ngoja tulitazame jambo hili tangu chini, maana Wakenya wengi wamelisahau, na ndugu zetu wa Tanzania na Uganda huenda hawakulisikia kabisa.

Serikali ya kikoloni ndiyo iliyotuanzishia mchezo huu. Kwa miaka mingi Mwafrika alikatazwa pombe kali, huku mzungu akinywa wiski yake klabuni bila wasiwasi. Mjini Nairobi manispaa ilijitwalia yenyewe haki ya kuwauzia Waafrika pombe ya kienyeji katika mabaa yake, na faida ikaingia katika mfuko wake. Aliyepika nyumbani akawa mhalifu. Wanubi wa mtaa wa Kibera walikuwa mashuhuri kwa pombe yao kali, na wanywaji wa mjini walikuwa wanawafuata huko huko. Kwa hiyo tangu awali sheria hii ilihusu nani apate pesa ya pombe, na afya ya mnywaji ilikuja nyuma sana. Uhuru ulipopatikana, desturi ikabaki. Mwaka 1980, katika utawala wa Rais Daniel arap Moi, ikapitishwa sheria maalumu ya kuipiga marufuku chang'aa, kuipika, kuiuza na hata kupatikana nayo.

Ikafuata miaka 30. Katika miaka hiyo chang'aa haikupungua; iliingia vichochoroni. Mama wa mtaa wa Mathare jijini Nairobi aliyekuwa akisomesha watoto kwa pipa lake aliendelea kusomesha watoto kwa pipa lake, ila sasa kila siku kulikuwa na askari wa kupewa chake na mzee wa mtaa wa kunyamazishwa, na kila baada ya miezi kadhaa kulikuwa na msako wa kuonyesha kwamba sheria ipo. Na ndipo vilipoanza vifo vya halaiki. Mwezi wa Novemba mwaka 2000, katika Mukuru kwa Njenga na mitaa ya jirani jijini Nairobi, kinywaji kilichoitwa kumi kumi, kwa kuwa glasi yake iliuzwa shilingi 10, kiliua watu zaidi ya 100 na kupofusha wengine wengi. Mwaka 2005 ikawa Machakos, ambako walikufa makumi.

Hapa nataka twende polepole, kwa sababu watu wengi, hata wanasiasa wanaopiga kelele bungeni, hawajui ni nini hasa kinachoua.

Chang'aa ya kweli hupikwa hivi. Unga wa mahindi au wa mtama huchanganywa na sukari guru na maji, ukafunikwa kwenye pipa uchache kwa siku kadhaa. Hiyo ndiyo kangara. Ikiiva, pipa huinjikwa motoni. Ndani yake huning'inizwa chombo kidogo cha kukingia matone, na juu mdomoni hukalishwa sufuria kubwa yenye maji baridi, kisha kila upenyo huzibwa kwa udongo ili mvuke usitoroke. Mvuke hupanda, hugonga kitako baridi cha sufuria, hugeuka matone, matone huteremka chomboni. Maji ya juu yakishika moto humwagwa, yakatekwa mengine. Ndiyo maana wapishi wa Mathare hukaa ukingoni mwa mto: bila maji mengi hakuna kukeneka. Ni kazi ya siku nyingi, yenye moshi na harufu inayojitangaza mtaa mzima.

Sasa, nafaka ikichachuliwa hivi hutoa methanoli kidogo mno. Chang'aa hii inaweza kuwa chafu kwa sababu ya maji ya mto au pipa lenye kutu. Inaweza kuwa kali kupita kiasi, na kwa miaka mingi ya kunywa itaharibu ini na nyumba ya mtu. Lakini haiui watu 17 kwa usiku mmoja. Kinachoua kwa halaiki ni methanoli ya viwandani, ile inayotumika kutengenezea rangi, gundi na viyeyushaji, ambayo mtu ameichanganya na maji, labda na ladha kidogo, akaiuza kama pombe. Inaonekana kama pombe na inanukia kama pombe. Mwili ndio unaoigeuza kuwa sumu: ini huibadilisha kuwa fomaldehaidi, halafu kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo huvamia neva za macho. Mnywaji hulala akiwa mlevi wa kawaida. Huamka kesho yake, pengine saa 12 hadi 24 baada ya kunywa, tumbo likimkata na macho yakiona ukungu, akidhani ni uchovu wa pombe. Akifikishwa hospitali mapema, madaktari huweza kumwokoa kwa kusafisha damu kwa mashine, na kwa dawa ya kulizuia ini lisiigeuze methanoli. Mojawapo ya dawa hizo ni pombe yenyewe, ethanoli safi, kwa kipimo cha daktari. Lakini ni wangapi hufika mapema? Aliyekunywa kitu haramu huogopa kujitangaza hospitalini, na watu wa nyumbani mwake huogopa vilevile.

Ukishaelewa tofauti hiyo, utaelewa kwa nini msako haukuwahi kutuokoa. Askari wakivamia kando ya mto, wanamkamata nani? Wanamkamata mwenye moto, mwenye moshi, mwenye kangara inayonuka. Huyo hawezi kujificha. Lakini aliyechukua jerikeni ya methanoli akaichanganya na maji ndani ya chumba kilichofungwa, kazi yake ni ya dakika chache na haitoi moshi wala harufu. Msako humfukuza mpishi ukambakiza mchanganyaji. Kwa miaka 30 sheria ilikuwa inawachuja wauzaji wetu, na waliopita kwenye chujio ni wale wenye mkono mwepesi na roho ngumu.

Tuje kwenye sheria ya mwaka 2010. Mbunge wa Naivasha wa wakati huo, John Mututho, ndiye aliyeisukuma bungeni, na hadi leo wanywaji wanaiita sheria ya Mututho. Rais Mwai Kibaki aliitia saini mwezi wa Agosti, na mwezi wa Novemba ikaanza kutumika. Wengi wanaikumbuka kwa saa za baa, kwamba siku za kazi ni kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku. Wachache wanakumbuka kwamba iliifuta ile sheria ya 1980 na kuifanya chang'aa kuwa kinywaji halali. Hoja yake ilikuwa nzuri, na naiunga mkono: kinachofanyika mwangani kinaweza kupimwa.

Lakini soma masharti. Pombe ya kukeneka sharti iwe kwenye chupa ya kioo isiyopungua mililita 250. Iwe na lebo inayoonyesha vilivyomo na maonyo ya afya. Ifikie viwango vya Shirika la Viwango. Ilipiwe ushuru na kubandikwa stempu ya mamlaka ya kodi. Mtengenezaji awe na leseni, na jengo lake likaguliwe.

Sasa mchukue mama pima, mama wa kweli, anayepima chang'aa kwa glasi ndogo kwa watu wa kibarua wanaolipwa kila jioni. Mteja wake ana shilingi 20 au 30 mfukoni. Hawezi kununua chupa ya mililita 250 yenye ushuru ndani yake. Mama mwenyewe hana jengo. Ana chumba cha mabati anachokipanga, na pipa alilonunua kwa mkopo wa chama. Hajui pa kununua chupa za kioo wala wa kuzitia lebo. Hata akivipata vyote hivyo, gharama yake ya kuwa halali ni mara nyingi ya ile ya kumpa askari kitu kidogo kila wiki. Sheria ilimwambia: sasa wewe ni halali, ilimradi uwe kiwanda. Basi akabaki alipokuwa, na askari akabaki alipokuwa.

Na waliopita mlangoni ni nani? Ni wenye mtaji wa kununua mashine ya kujazia chupa. Wengi walikuwa wafanyabiashara wa haki. Wengine walinunua ethanoli ya viwandani kwa bei rahisi, wakaichanganya na ladha, wakaibandika lebo yenye jina la kuvutia, na stempu ambayo mara nyingine ilikuwa ya bandia. Mwezi wa Mei mwaka 2014 watu zaidi ya 60 walikufa katika siku chache, Embu, Kitui, Kiambu na kwingineko, na miongoni mwa vilivyowaua kulikuwa na vinywaji vya chupa vyenye lebo. Lebo ilikuwapo; mkaguzi ndiye hakuwapo. Mwaka uliofuata, Rais Uhuru Kenyatta akaamuru pombe hizo zifagiliwe, na katika eneo la Kati wabunge waliongoza vijana kuvunja mabaa na kumwaga pombe barabarani, ya mwenye leseni na ya asiye nayo kwa pamoja. Tukarudi kule kule kwa 1980.

Utafiti uliofanywa kwa niaba ya watengenezaji pombe wenyewe, ambao bila shaka wana maslahi yao, ulikadiria kwamba mwaka 2024 takriban asilimia 60 ya pombe iliyonywewa Kenya ilikuwa haramu. Hata ukiipunguza hesabu hiyo, inabaki kwamba soko kubwa la pombe bado liko gizani miaka mingi baada ya kuhalalishwa.

Hivyo swali la kama kuhalalisha kunapunguza uhalifu na madhara, mimi naliona halijajibiwa na Kenya, kwa sababu Kenya haijahalalisha. Iliandika tu. Tukitaka kuona kuhalalisha kwa kweli kunavyofanya kazi, tuitazame bia ya pipa.

Mwaka 2004 kampuni ya East African Breweries ilileta bia ya Senator Keg, bia ya bei nafuu inayouzwa kutoka kwenye pipa kwa kikombe, bila chupa. Serikali iliisamehe ushuru kwa makusudi: ilitaka maskini apate kitu salama kwa bei inayokaribiana na ya chang'aa. Na ilifanya kazi. Mabaa ya keg yakaenea mitaani na vijijini. Baadaye wakulima wa mtama wakapata soko. Wanywaji waliibatiza Obama, kwa kuwa Barack Obama alikuwa seneta wakati huo. Ni mtu yule yule mwenye shilingi 30, jioni ile ile, akiwa na kiu ile ile, ila sasa anakunywa kitu chenye nguvu ndogo kilichotoka kiwandani.

Mwaka 2013 serikali ikahitaji pesa, ikaondoa nusu ya msamaha ule. Bei ya kikombe ikapanda, mauzo yakaporomoka vibaya, mtama ukakosa mnunuzi, na wanywaji wakarudi kwenye vichochoro. Baada ya mwaka ule ndipo vikaja vifo vya Mei 2014. Sisemi kwamba ushuru peke yake ndio uliowaua wale watu. Mkono wa aliyechanganya methanoli ndio uliowaua. Lakini ukimfungia maskini mlango wa kitu salama, umemwelekeza kwa yule mchanganyaji. Mwaka 2015 msamaha ukarudishwa, safari hii asilimia 90, na mauzo yakainuka tena. Hilo ndilo jaribio bora tulilowahi kulifanya katika kanda hii, na tulilifanya bila kukusudia: tulifungua mlango, tukaufunga, tukaufungua, na kila mara tukaona watu wanaelekea wapi.

Uganda nao wana somo lao. Mwaka 1965 walitunga sheria ya enguli. Mpikaji wa kijijini alitakiwa kuwa na leseni na kuuza pombe yake ghafi kwa kiwanda kilichoidhinishwa, ambacho kiliikeneka upya na kuitia chupa kwa jina la Uganda Waragi. Hapakuwa na haja ya mama wa kijijini kumiliki chupa wala lebo. Kiwanda kilibeba mzigo huo. Wazo hilo nalipenda hadi leo. Lilikwama kwa sababu ya bei: jirani alilipa vizuri kuliko kiwanda, na papo hapo. Wapikaji wakaendelea kumuuzia jirani, leseni zikasahaulika, na mwaka 2010 kusini-magharibi mwa Uganda waragi iliyotiwa methanoli ikaua makumi ya watu. Nchini Tanzania gongo, pombe yao ya kukeneka, imefungwa na Sheria ya Moshi tangu miaka ya 1960, na msikilizaji wangu wa Tanzania anajua mwenyewe kama gongo imekwisha.

Wako watakaoniambia nitazame Marekani. Haya, tutazame. Kuanzia 1920 hadi 1933 Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima. Wenzangu hupenda kutaja magenge ya Chicago na Al Capone wakaishia hapo. Ukweli una upande mwingine: katika miaka ya kwanza watu walikunywa kidogo kuliko zamani, na vifo vya ugonjwa wa ini vilikuwa chini. Marufuku ile ilipunguza ulevi. Ilipunguza ulevi, ikaongeza mauaji, rushwa na sumu. Serikali yenyewe iliagiza methanoli iongezwe katika spiriti ya viwandani ili watu wasiibe kuinywa, wakaiba hivyo hivyo, wakafa. Kwa hiyo anayeunga mkono kuhalalisha, kama mimi, asimwambie mama wa Murang'a mwenye mwana mlevi kwamba pombe ikihalalishwa ulevi utapungua. Huenda ukaongezeka. Uhalifu na madhara ni mambo mawili, na kila moja huenda njia yake.

Jambo hilo naliona wazi zaidi nikiacha pombe nikatazama kamari.

Wazee wanaokumbuka stendi za mabasi za zamani wanaijua pata potea: kijana mwenye karata tatu juu ya boksi, wenzake wakijifanya wateja walioshinda, na mgeni kutoka shamba akipoteza nauli. Ulikuwa wizi, na ulikuwa kinyume cha sheria. Leo pata potea ni nadra. Kamari halali imechukua nafasi yake. Kenya ilikuwa na sheria ya kamari tangu 1966, na kwa nusu karne haikumsumbua mtu, kwa kuwa kasino ilikuwa mjini, kwenye hoteli ya matajiri. Sheria haikubadilika, kilichobadilika ni simu. Pesa ya simu na mechi za Uingereza zilipokutana mfukoni mwa kijana wa bodaboda, kasino ikahamia kitandani mwake. Haina saa ya kufungwa. Haimwambii jirani yako kwamba umelewa. Karo ya muhula inaweza kutoka kwa kubonyeza vitufe usiku wa manane, na mke asijue hadi shule imrudishe mtoto.

Na hapo hakuna genge na hakuna methanoli. Kampuni ina leseni, inalipa kodi, inadhamini timu. Kwa kipimo cha uhalifu, tumefaulu kabisa: mwizi wa karata tatu ameondoka. Kwa kipimo cha madhara, tumepoteza zaidi ya alivyowahi kuiba yeye. Mwaka 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, nyingine zikafunga, nyingine zikarudi baadaye. Uganda mwaka huo huo Rais Museveni aliagiza kampuni za kigeni za kamari zisipewe leseni upya. Mwezi wa Aprili mwaka 2025 bodi ya kamari ya Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Hatua hiyo ndiyo iliyonigusa, kwa sababu hatimaye mtu aliona kidonda kilipo. Kidonda ni matangazo ya asubuhi na jioni redioni, ndiyo, hata redioni, yakimwambia mtu asiye na kazi kwamba ushindi uko karibu. Jambo linaweza kuwa halali bila kuwa na ruhusa ya kukufuata hadi kitandani.

Weka habari hizi mbili pamoja, msikilizaji. Mama pima, ambaye kinywaji chake kinahitaji kukaguliwa, tumemwekea kizingiti kirefu mno kwa kimo chake. Kampuni ya kamari, yenye mawakili na mamilioni ya matangazo, tumeifungulia geti zima. Tumekuwa wakali kwa wadogo na wapole kwa wakubwa, kisha tunashangaa kwamba kuhalalisha hakusaidii.

Mimi nataka leseni ya chang'aa inayomfaa mpikaji mdogo. Itolewe na kaunti, kwa kuwa Katiba ya 2010 imekwisha kuzipa kaunti mamlaka ya leseni za vileo. Ipewe kikundi badala ya mtu mmoja: wapikaji 10 au 20 wa mtaa mmoja wawe na sehemu moja ya kupikia, yenye maji safi ya bomba, mapipa yasiyo na kutu, na afisa wa afya anayepita bila kutangaza siku. Sampuli ipimwe methanoli katika maabara ya kaunti, na majibu yabandikwe mlangoni ambapo mnywaji atayaona. Waruhusiwe kuuza kwa kipimo, kwa glasi, humo humo, bila chupa ya kioo wala lebo ya rangi tatu. Ada iwe ndogo kuliko hongo anayolipa leo. Hapo ndipo penye siri yote: mpaka kuwa halali kuwe rahisi kuliko kuhonga, hakuna atakayekuja. Na asiwepo wa kuitangaza pombe hiyo, popote.

Najua viongozi wa dini watanipinga, na akina mama wa Kati walioandamana wakilia kwamba waume na wana wao wameisha watanipinga kwa haki. Uchungu wao ni wa kweli na siuchezei. Mtu aliyelewa kuanzia asubuhi hadi usiku haponi kwa sababu kibanda kina leseni. Yeye anahitaji matibabu ya uraibu, na vituo vya serikali vya kutibu uraibu ni vichache mno, kwa hiyo senti ya ada ile na ya kodi ya kamari iende huko kwanza kabla ya kwenda kokote. Lakini mama huyo, nikikaa naye, nitamuuliza angependa mwanawe mlevi anywe nini usiku huu, maana atakunywa. Angependa anywe kilichopimwa, ili kesho awepo wa kupelekwa kwenye matibabu.

Na nguvu ya polisi tunayoitumia kumwaga kangara ielekezwe kwenye methanoli. Methanoli haichipui shambani. Huingizwa nchini kwa mapipa yenye hati, kupitia bandarini na mipakani, na kila pipa lina mwagizaji na kiwanda kilichosema kitalitumia kwa kazi fulani. Kiwanda cha rangi kilichoagiza mapipa 100 kionyeshe rangi iliyotokana nayo. Kikiwa na rangi ya mapipa 70, aje mtu wa kujibu mapipa 30 yamekwenda wapi. Methanoli itiwe rangi kali na uchungu usiovumilika kabla ya kutoka ghalani, ili asiwepo atakayeiuza kwa jina la pombe. Na pombe yoyote inayokamatwa iteketezwe mbele ya hakimu baada ya sampuli kuchukuliwa, siku ile ile, isilale kituoni hata usiku mmoja.